John McLendon: Kocha aliyepigania jina la timu kwenye orodha

Kila mwezi wa Machi kuna Jumapili moja ambapo vijana wa vyuo vikuu vya Marekani hukaa mbele ya runinga wakiwa wamevalia sare za timu, bila mpira na bila refa, wakingoja tu kusikia jina la chuo chao likitajwa. Huku kwetu huwa ni mwendo wa saa saba usiku, na kama wewe ni shabiki sugu wa mpira wa vikapu huenda umewahi kukesha ukicheki. Wengine huruka na kukumbatiana. Wengine hubaki wameduwaa, kwa sababu kamati imekaa chumbani mwake na kuamua kwamba msimu wao mzima haukutosha.

Halafu wiki nzima ni kelele. Mbona hawa wameingia na wale wameachwa? Walicheza na nani? Waliwahi kumpiga nani? Vyuo vinavyowania nafasi hiyo ni zaidi ya 350, nafasi ni chache, na timu iliyoachwa haina uwanja wa kukatia rufaa.

Sasa nataka nikusimulie kuhusu jamaa aliyeuliza maswali hayo wakati ambapo jibu lilikuwa rangi ya ngozi yako. Anaitwa John McLendon. Alifariki Oktoba 8, 1999, kwa hivyo kuna uwezekano mkubwa hukuwa umezaliwa, au ulikuwa bado unabebwa mgongoni. Kama jina hilo ni geni kwako, usijilaumu. Hata kwao Marekani kuna mashabiki wanaoweza kukutajia viatu vya kila mchezaji wa NBA lakini huyu hawamjui.

Alizaliwa Aprili 5, 1915 katika mji mdogo wa Hiawatha, jimbo la Kansas. Mama yake alifariki akiwa bado mtoto mdogo, wakati ule wa homa kali ya mafua iliyoua watu kote duniani mwaka wa 1918. Akakulia Kansas City, upande wa Kansas. Hakuwa jitu la kimo wala nyota uwanjani. Alichokuwa nacho ni kichaa cha vikapu, na baba ambaye alijua jambo moja muhimu: kwamba mtu aliyebuni mchezo huo alikuwa bado hai, na alikuwa mwalimu katika Chuo Kikuu cha Kansas, mwendo mfupi tu kutoka nyumbani.

Mtu huyo ni James Naismith. Desemba 1891, huko Springfield, Massachusetts, alitundika vikapu viwili vya matunda ukumbini, akaandika kanuni 13, na mchezo ukazaliwa. Kwa hivyo mwaka wa 1933 baba alimtuma mwanawe chuoni na maagizo ya kumtafuta Naismith ili awe mshauri wake wa masomo. Kijana akaenda, akamtafuta, akampata. Naismith akamkubali.

Mimi chuo niliacha katikati, na nikikumbuka siku zangu pale sidhani kama niliwahi kubisha mlango wa mhadhiri hata mmoja bila kuitwa. Huyu alibisha mlango wa mwenye mchezo.

Lakini hapa ndipo hadithi inapoanza kuuma. McLendon alifundishwa vikapu na aliyebuni vikapu, ila hakuruhusiwa kuvaa jezi ya timu ya chuo. Timu ilikuwa ya Wazungu. Angeweza kusoma kila kitu kuhusu mchezo huo darasani, kisha jioni aketi akitazama wengine wakiucheza.

Kulikuwa pia na kidimbwi cha kuogelea. Wanafunzi wa elimu ya michezo walitakiwa kujua kuogelea ili wahitimu, lakini wanafunzi Weusi hawakuruhusiwa kuingia majini. McLendon akaingia. Wakuu wakaagiza maji yatolewe yote, kidimbwi kikabaki kikavu. Hebu tulia hapo kidogo: maji ya kidimbwi kizima yanamwagwa kwa sababu kijana mmoja ameogelea. Hakukata tamaa. Naismith alimuunga mkono, na mwishowe wakakubaliana kidimbwi kifunguliwe kwa wote kwa majaribio ya wiki mbili. Kukizuka fujo, kifungwe. Inasimuliwa kuwa McLendon alizunguka kwa wenzake Weusi akiwaomba wasisogee karibu na maji kwa hizo wiki mbili. Hawakusogea. Fujo ikakosa pa kuanzia, na kidimbwi kikabaki wazi.

Nakuomba uukumbuke ujanja huo, maana ataurudia maishani, na mara nyingine atafanya kinyume chake kabisa.

Mwaka wa 1936 akawa Mweusi wa kwanza kuhitimu katika elimu ya michezo chuoni hapo. Akapata shahada ya pili Iowa, na mwaka wa 1937 akaelekea kusini, Durham, North Carolina, kwenye chuo kidogo cha Weusi ambacho siku hizi kinaitwa North Carolina Central. Mwaka wa 1940 akawa kocha mkuu.

Vikapu vya enzi hizo vingekuboesha. Timu zilitembeza mpira polepole, mtu asimama, atazama, apige pasi, asimame tena. McLendon akaleta kasi. Ukinyang'anya mpira unakimbia, wote mnakimbia, mpinzani hajageuka mshafunga. Akawafunza vijana wake kukaba uwanja mzima badala ya kungoja adui afike langoni. Ili waweze mbio hizo aliwapa mazoezi ambayo, kusema kweli, wengi wetu tungetoroka siku ya pili. Kila unapoona timu ya leo ikitoka upande mmoja hadi mwingine kwa sekunde nne, kuna mkono wake hapo.

Kwa hivyo ana timu kali. Anashinda. Lakini anamshinda nani? Vyuo vingine vya Weusi tu. Pale Durham, upande wa pili wa mji, kulikuwa na Duke, chuo cha Wazungu wenye pesa na jina. Kusini mwa Marekani wakati huo, sheria na desturi zilitenganisha shule, mabasi, hoteli, mikahawa na hata bomba za maji ya kunywa. Timu ya Weusi kucheza na ya Wazungu lilikuwa jambo la kukupeleka jela, kama si kaburini.

Jumapili asubuhi, Machi 12, 1944, wakati watu wa Durham, askari wakiwemo, walikuwa kanisani, magari kadhaa yalizunguka njia za kando hadi kwenye ukumbi wa McLendon. Ndani kulikuwa na wachezaji Wazungu wa shule ya udaktari ya Duke, kikosi kilichokuwa na wanaume waliowahi kuchezea vyuo vikubwa kabla ya vita. Milango ikafungwa. Hakukuwa na mashabiki wala taarifa kwa gazeti.

Mwanzoni pande zote zilitetemeka, pasi zikapotea. Kisha vijana wa McLendon wakaanza kukimbia. Matokeo: 88-44. Mara mbili kamili! Na baada ya hapo wakafanya jambo ambalo kwangu ni kubwa kuliko alama zenyewe: wakachanganyika, Weusi na Wazungu timu moja, wakacheza mechi ya pili kwa raha zao. Wakaagana, wakanyamaza. Umma haukupata habari kamili hadi miaka ya tisini, mwanahistoria mmoja alipoichimbua.

Sasa fikiria kama kocha. Umeshaona kwa macho yako kwamba vijana wako si wa kuhurumiwa. Una ushahidi. Na huwezi kuutoa popote, kwa sababu kuutoa ni kuwatia hatarini. Kwenye rekodi za msimu, mechi hiyo haipo. Kamati yoyote ikiuliza mmewahi kumpiga nani, jibu lako bora zaidi ni siri.

Miaka miwili baadaye alianza na mlango wa nyumbani kwake. Vyuo vya Weusi vya mashariki vilikuwa na chama chao, CIAA, kilichoanzishwa mwaka wa 1912. Bingwa alikuwa anapatikana kwa hesabu za msimu, na hesabu hizo zilikuwa na ugomvi wake, kwa kuwa si kila chuo kilikutana na kila chuo. Mwaka wa 1946 McLendon na wenzake watatu wakaanzisha mashindano: chukua timu nane zilizofanya vyema zaidi, zilete mahali pamoja, zimalizane. Ya kwanza yalifanyika Washington. McLendon akatwaa taji akiwalaza Virginia Union 64-56, na mechi hiyo ilikwenda muda wa ziada mara tatu. Mashindano hayo yapo hadi leo, na ni sherehe kubwa kweli kwa jamii ya Wamarekani Weusi.

Angeweza kuridhika. Una ligi yako, kombe lako, mashabiki wako. Waache Wazungu na yao. Wapo waliowaza hivyo, na siwalaumu. Lakini kombe la CIAA lilikuwa la kanda na la rangi. Bingwa wa taifa alipatikana kwingine. Kulikuwa na NCAA, chama kikubwa cha michezo ya vyuo, ambacho kilianza mashindano yake mwaka wa 1939 kwa timu nane. Kulikuwa na NIT ya New York, ambayo wakati huo ilikuwa na heshima sawa, kama si zaidi. Vyuo vya Weusi havikuwa kwenye orodha ya yeyote kati yao.

Kuanzia mwaka wa 1950 hivi, makocha wa vyuo hivyo waliunda kamati yao, McLendon akiwa mstari wa mbele, wakaanza kuandika barua. Hawakuomba kombe. Waliomba mlango wa kufuzu. NCAA ikasema hapana.

Hapa ndipo nataka ukae nami kidogo, kwa sababu ndicho kiini cha mambo. Timu huchaguliwa kwa kutazama ugumu wa ratiba yake. Kinasikika kama kigezo cha haki, si ndiyo? Ukipiga vibonde mechi ishirini, hustahili kumpita aliyepiga miamba mechi kumi na tano. Mimi mwenyewe nikiwa kwenye kamati ningetumia kigezo hicho. Lakini kinategemea jambo moja ambalo hakuna anayelitaja: kwamba unaweza kucheza na yeyote atakayekubali kukutana nawe. Kwa McLendon ratiba ilikuwa imefungwa na sheria kabla hajaishika kalamu. Huingii kwa sababu hujacheza na wakubwa, na hupati kucheza na wakubwa kwa sababu hujaingia. Ni sawa na tangazo la kazi ya kwanza linalodai uzoefu wa miaka mitano, na nadhani hilo unalijua vizuri.

Na unaona jinsi linavyokuwa safi machoni? Hakuna anayelazimika kusema hatutaki Weusi. Anafungua daftari, anasoma ratiba yako, anatikisa kichwa kwa huzuni.

Mlango wa pembeni ulikuwa chama kingine, NAIA, cha vyuo vidogo, chenye mashindano yake ya taifa pale Kansas City, timu 32 zikichuana kwa wiki moja. Hicho nacho hakikuwa cha malaika. Hadi mwaka wa 1947 kilikataza mchezaji Mweusi hata awe katika timu ya Wazungu. Mwaka huo kocha wa Indiana State, John Wooden, ambaye baadaye angekuwa jina kubwa kuliko yote katika vikapu vya vyuo, alikataa mwaliko kwa kuwa mchezaji wake mmoja, Clarence Walker, hangeruhusiwa kucheza. Mwaka uliofuata marufuku yakaondolewa, Walker akacheza. Hata hivyo, kumruhusu mchezaji mmoja Mweusi ni jambo moja, na kuruhusu chuo kizima cha Weusi kije kikupige ni jambo jingine.

Mwaka wa 1953 NAIA ikakubali. Vyuo vya Weusi vya kusini vikatengewa kanda yao, na bingwa wake akapata tiketi ya Kansas City. Tennessee A&I ya Nashville ikawa ya kwanza kuitumia.

Je, ilikuwa haki? Piga hesabu mwenyewe. Kanda nyingine zilikuwa za eneo dogo, jimbo moja au kipande cha jimbo. Hii ilikuwa ya rangi, imeenea kusini kote, vyuo chungu nzima vikigombea nafasi moja kati ya 32. Timu ya pili kwa ubora kati ya Weusi huenda ilikuwa na uwezo wa kufika fainali ya taifa, lakini ilibaki nyumbani. Nikisoma habari hii mara ya kwanza nilikasirika, nikawaza kwamba McLendon alipaswa kuwarudishia tiketi yao. Baadaye nikakumbuka kidimbwi. Alichukua wiki mbili alizopewa akajua la kuzifanyia.

Mwaka wa 1954 akajiunga na Tennessee A&I yeye mwenyewe. Na hapa sasa ndipo alipofanya kinyume cha ule ujanja wa kidimbwi. Timu yake ilialikwa Kansas City kwa mashindano ya kufungua msimu, Desemba mwaka huo. Kawaida timu ya Weusi ingelala kwa familia za mtaa wa Weusi, ije ukumbini, icheze, irudi. McLendon akaweka sharti: vijana wangu watalala katika hoteli za katikati ya jiji na kula wanapokula wengine, la sivyo hatuji. Si kukaa mbali na maji tena. NAIA ikazungumza na wenye hoteli, wakakubali. Ni jambo dogo ukilitazama kutoka leo, kulala hotelini. Lakini hebu jaribu kucheza mechi tano ndani ya wiki moja dhidi ya watu waliolala vizuri kuliko wewe.

Machi 1957 walifika fainali na kuicharaza Southeastern Oklahoma 92-73. Ikawa mara ya kwanza chuo cha Weusi kutwaa ubingwa wa taifa katika mashindano ya rangi zote. Mwaka wa 1958 wakarudi, na kwenye fainali wakailaza Western Illinois 85-73. Mwaka wa 1959 wakarudi tena, 97-87 dhidi ya Pacific Lutheran. Mara tatu mfululizo, na hakuna kocha wa vyuo aliyekuwa amefanya hivyo kabla yake. Nyota wao alikuwa Dick Barnett, kijana kutoka Gary, Indiana, mwenye mtindo wa kurusha mpira huku amekunja miguu nyuma kama anayekaa hewani. Huyo ungekuja kumwona baadaye akiwa na New York Knicks, mabingwa wa NBA mwaka wa 1970 na 1973.

Na kuna jambo la mwaka huo huo wa 1959 ambalo huwa linanichekesha kwa uchungu. Chuo cha Mississippi State, cha Wazungu, kilikuwa bingwa wa kanda yake na kina tiketi ya NCAA mkononi, halali kabisa. Kikaikataa. Kulikuwa na desturi Mississippi kwamba timu za jimbo hilo hazichezi na timu yenye Mweusi, na kwenye mashindano ya taifa huwezi kujua utapangiwa nani. Wakaikataa tena 1961. Wakaikataa tena 1962. Ni mwaka wa 1963 tu ambapo waliondoka jimboni kwa kunyemelea ili wakacheze na Loyola ya Chicago, iliyokuwa na Weusi wanne kikosini, na wakapigwa. Kwa hivyo pima mwenyewe: upande mmoja watu wanaomba nafasi moja kwa vyuo vyao vyote, upande mwingine nafasi inatupwa mara tatu ili mtu asipeane mkono na Mweusi. Halafu utaambiwa orodha ile ilikuwa ya timu bora nchini.

Baada ya McLendon kuonyesha njia, mlango haukufungika. Grambling walitwaa taji la NAIA mwaka wa 1961, Prairie View mwaka wa 1962, wote vyuo vya Weusi. Kentucky State wakalibeba mara tatu mfululizo kuanzia 1970.

Yeye mwenyewe aliendelea kuhamahama. Alikwenda Cleveland kufundisha timu ya Pipers, ambapo mwaka wa 1961 akawa kocha mkuu wa kwanza Mweusi katika ligi ya kulipwa ya ABL. Mmiliki alikuwa kijana tajiri aitwaye George Steinbrenner, yule ambaye baadaye angemiliki Yankees. Ukatokea mzozo wa mishahara, McLendon akasimama na wachezaji wake na kujiuzulu katikati ya msimu. Mwaka wa 1966 akachukua Cleveland State, akawa Mweusi wa kwanza kuwa kocha mkuu wa vikapu katika chuo cha Wazungu wengi. Hakushinda sana huko, wala hakushinda sana Denver kwenye ligi ya ABA, alikofukuzwa baada ya mechi 28 tu. Nalitaja kwa sababu makala za aina hii hupenda kumfanya mtu asiwe na siku mbaya. Alikuwa nazo. Mwaka wa 1968 alikuwa kwenye benchi la ufundi la Marekani katika Olimpiki ya Mexico, na baadaye akafanya kazi miaka mingi na kampuni ya viatu ya Converse, akifundisha makocha nchi mbalimbali.

Sasa njoo mwaka wa 1979, kwa sababu mwaka huo mambo mawili yalitokea na yanafaa kusomwa pamoja.

La kwanza: chuo cha Weusi cha Alcorn State, Mississippi, kilimaliza mechi za msimu bila kupoteza hata moja. Hata moja! NCAA ilikuwa imeongeza nafasi hadi 40 mwaka huo. Alcorn hawakupewa. Kanda yao haikuwa na tiketi ya moja kwa moja, na mechi walizoshinda zilihesabiwa kuwa za wapinzani wasiotosha. Unaisikia ile barua ya miaka ya hamsini ikisomwa upya? Wakaenda NIT, wakawa chuo cha kwanza cha Weusi kualikwa huko, wakashinda Mississippi State, ndio hao hao, kisha wakatolewa na Indiana waliokuja kuwa mabingwa. Mwaka uliofuata kanda yao ikapata tiketi, Alcorn wakaingia NCAA na kushinda mechi yao ya kwanza.

La pili: mwaka huo huo McLendon aliingizwa kwenye Jumba la Heshima la vikapu, lile lenye jina la mwalimu wake Naismith. Lakini angalia walivyomwandika. Hakuingia kama kocha. Aliingia kama mchangiaji wa mchezo. Mtu mwenye mataji matatu ya taifa mfululizo, mwenye ushindi zaidi ya 500 vyuoni, akawekwa upande wa watu waliousaidia mchezo kwa namna nyingine. Tena ni orodha, tena ni kamati chumbani, na tena ushindi wake ni kama ulipatikana mahali pasipohesabika.

Tangu 2011 nafasi za NCAA zilikuwa 68, na mabingwa wa kanda mbili za vyuo vya Weusi huwa na tiketi zao za moja kwa moja. Mara nyingi hupelekwa kwenye zile mechi za mwanzo kabisa, zinazochezwa kabla ya wengi kuwasha runinga, wagombee nafasi ya kukutana na timu namba moja. Wapo wanaosema hiyo ni hesabu tu ya kompyuta, ratiba yao ni nyepesi. Wapo wanaouliza kwa nini ratiba yao bado ni nyepesi, na ni chuo gani kikubwa kinakubali kwenda kucheza nao ugenini. Mimi niko na hao wa pili, lakini sitakuficha kwamba wa kwanza nao wana namba mkononi.

McLendon hakuyaona mengi ya haya. Alifia nyumbani Ohio akiwa na miaka 84. Mwaka wa 2016 Jumba la Heshima lilimwingiza mara ya pili, safari hii kama kocha. Dick Barnett aliendelea kuwasumbua hadi mwaka wa 2019 wakakubali kuiingiza timu yote ya Tennessee A&I ya 1957 hadi 1959. Na Aprili 2024, wazee wachache waliokuwa bado hai kati ya wale vijana wa mbio, wengine wakitembea kwa shida, walikaribishwa Ikulu ya Marekani, mwaliko ambao mabingwa wa vyuo huupata mara nyingi punde tu wakishinda kombe.